Usifute jibu, libadilishe nguo!

Msomaji wangu, najua ukifungua ukurasa huu unategemea habari za mapenzi, wakwe wakorofi na waume wanaosahau njia ya kurudi nyumbani. Vuta subira. Wiki hii nazungumzia sehemu. Si sehemu za starehe, hizo za kule ufukweni Shangani unazijua mwenyewe kuliko mimi. Nazungumzia sehemu za hesabu, zile zenye namba juu, namba chini na mstari katikati. Tena zile mbaya kuliko zote, ambazo chini ya mstari amekaa bwana mkubwa anayeitwa kipeuo cha pili.

Usigeuze ukurasa! Kama nyumbani kwako yupo mtoto wa kidato cha pili, habari hii ni yako. Na kama huna, yupo wa jirani, na huku Mtwara mtoto wa jirani akikwama na wewe umekwama.

Nasema hivyo kwa sababu jambo hili dogo lina hasara kubwa. Watoto wakikaribia kidato cha tatu wanaanza kuchagua masomo ya kubeba na masomo ya kutupa, na fizikia ndiyo inayotupwa mwanzo. Ukiuliza sababu unajibiwa, "Hesabu zimenishinda." Ukichimba zilimshinda lini, mara nyingi hukuti mlima. Unakuta kijiwe kidogo alichojikwaa siku moja, hakuna aliyemwinua, akaona bora akae palepale.

Na sisi wa Kusini hatuna ruhusa ya kukaa palepale. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, bomba la kuipeleka Dar es Salaam likazinduliwa mwaka 2015, na hapo katikati, mwaka 2012 na 2013, mji huu ulichemka kweli kweli kwa ajili ya gesi hiyo. Mimi sirudii malumbano. Nasema tu kwamba mtu wa kusoma geji ya presha hapatikani kwa kelele. Anapatikana darasani, na njia yake inapita kwenye hizihizi hesabu ambazo mtoto wako anazitupa.

Sasa sikia kisa. Huku kwetu, Wamakonde, Wamakua na Wayao, mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba si mtu wa kuja na pipi sikukuu tu. Daftari likiisha anaitwa mjomba. Mtoto akikorofisha anaitwa mjomba. Basi mpwa wangu mmoja, yuko kidato cha pili, alipewa zoezi la kufanya nyumbani. Akalikokotoa peke yake bila kuangalizia, akapata sita juu, kipeuo cha tatu chini, yaani 6/√3. Akafungua majibu nyuma ya kitabu. Kule kumeandikwa 2√3, mbili mara kipeuo cha tatu. Hakuna sita, hakuna mstari. Mtoto akachukua peni, akapiga mistari mitatu juu ya jibu lake, akafunga daftari, akamwambia mama yake kwamba mwakani yeye na fizikia basi. Daftari likaletwa kwangu kama kesi inavyopelekwa kwa balozi wa nyumba kumi.

Nikamwambia, "Mwanangu, umefuta jibu sahihi."

Akanitazama kama nimemwambia mamba wa Ruvuma ni mjusi wa ukutani. "Lakini mjomba, kitabu kinasema mbili kipeuo cha tatu."

"Na wewe umesema hivyohivyo. Ila jibu lako limevaa nguo za kulimia, la kitabu limevaa za Idi."

Hebu tuanze mwanzo, kwa faida ya wale waliomaliza shule zamani. Kipeuo cha pili cha namba ni ile namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unaipata ile ya kwanza. Kipeuo cha 9 ni 3, maana tatu mara tatu ni tisa. Alama yake ni √, inafanana na tiki iliyojengewa paa. Kipeuo cha 9 ni mpole, kinatoka namba kamili. Vipeuo vya 2, 3 na 5 ndio wakorofi. √2 ni 1.414 na kuendelea, √3 ni 1.732 na kuendelea, √5 ni 2.236 na kuendelea, na huko kuendelea hakuna mwisho. Tarakimu zinatoka tu kama siafu, wala hazijirudii kwa mpangilio ukaweza kuzikariri. Si kwamba hatujajitahidi. Wagiriki wa kale walishathibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba √2 hakiandikiki kwa sehemu ya namba kamili mbili, ufanye ufanyavyo.

Sasa sehemu. Namba ya juu tulifundishwa kuiita kiasi, ya chini tukaiita asili. Mimi napenda kuiona hivi: asili ni watu waliokaa kuzunguka sinia, kiasi ni ubwabwa uliomo. Ukiambiwa 6/3, hao ni watu watatu na vibakuli sita vya ubwabwa, kila mtu viwili, watu wananawa, kwisha. Lakini ukiambiwa 6/√3, vibakuli ni sita, halafu watu ni moja nukta saba tatu mbili sifuri tano, na wengine bado wanaingia mlangoni! Utagawaje? Ubwabwa ukiwa na kasoro kidogo si neno, unapakuliwa kwa makisio. Watu lazima uwajue idadi yao kabla hujatia mkono.

Kwa hiyo dawa ni kumtoa yule asiyehesabika kwenye mkeka na kumhamishia kwenye sinia. Tunatumia ujanja mmoja tu, kuzidisha kwa moja. Kila namba ukiizidisha kwa moja inabaki vilevile, hilo hata wa darasa la pili anajua. Lakini moja ina nguo nyingi. 2/2 ni moja. 7/7 ni moja. Na √3/√3 nayo ni moja, maana kitu chochote kisicho sifuri ukikigawa kwa chenyewe unapata moja. Ni kama noti ya elfu kumi ukienda kuichenji dukani ukapewa mbili za elfu tano. Hujatajirika, hujafilisika, ila sasa unaweza kumlipa wa bodaboda.

Basi chukua 6/√3, izidishe kwa √3/√3. Juu unapata 6√3. Chini, kipeuo cha tatu mara kipeuo cha tatu ni tatu yenyewe, ndiyo maana ya kipeuo. Sasa una 6√3 juu, 3 chini. Sita kwa tatu ni mbili. Jibu 2√3. Nguo za Idi hizo!

Kama bado una wasiwasi, jaribu kwa namba. Sita ukigawa kwa 1.732 unapata 3.464. Mbili mara 1.732 ni 3.464. Yuleyule mtu.

Kimbembe kingine hapa ni lugha. Tangu mwaka 1967 shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Mtoto anamaliza la saba anajua kiasi, asili, kipeuo na kurahisisha. Akivuka kwenda sekondari, kila alichokijua kinabadilishwa jina kwa Kiingereza, na hii kazi ya kutoa kipeuo chini ya mstari inapewa jina refu kama foleni ya malori ya korosho. Mtoto anahangaika na jina mpaka kengele inalia, kitu chenyewe hajakigusa. Mzazi unayejua Kiswahili cha hesabu, msaidie hapo. Mwambie, "Hiki ni kile kipeuo unachokijua, wanachotaka ni ukitoe chini." Dakika tano tu.

Sasa wapo watakaoniuliza, na wana haki, "Kwani kipeuo kikikaa chini kuna dhambi gani?" Dhambi hakuna. Jibu ni sahihi likiwa juu au chini. Ila kuna taabu, na taabu hiyo waliijua vizuri wale waliosoma kabla ya simu na kikokotoo, enzi za vitabu vya majedwali, unatafuta kipeuo kwa kidole kama unatafuta jina kwenye daftari la mahudhurio.

Pale Mikindani nina rafiki yangu fundi seremala. Aliletewa gogo la duara, upana wa sentimita 30 toka ukingo mpaka ukingo, akitakiwa achonge nguzo ya mraba, pande zote sawa, iliyo kubwa kadiri inavyowezekana. Fundi hakushika kalamu ya hesabu. Akapiga mstari kupita katikati ya uso wa gogo, akaweka skwea, akapiga wa pili kuukata wa kwanza, kisha akaunganisha ncha nne za ile mistari. Mraba huo! Akapima upande mmoja kwa tepu, ikasoma sentimita 21 na milimita mbili.

"Njomba," akaniambia, "nyie wa daftari mnaipataje hii?"

Nikamwandikia chini mchangani. Upana wa gogo ndio mstari unaokatiza mraba toka pembe hadi pembe, na mstari huo siku zote ni upande mmoja mara √2. Kwa hiyo upande ni 30/√2. Sasa tafadhali msomaji, gawa 30 kwa 1.414 kichwani. Umeona? Hata mimi sipendi. Lakini zidisha kwanza kwa √2/√2. Juu inakuwa 30√2, chini 2. Thelathini nusu yake kumi na tano. Jibu 15√2. Na kumi na tano mara 1.414 ni kumi na tano yenyewe, jumlisha sita na ushei kidogo, yaani 21.21. Fundi akacheka, akasema tepu yake imefika kabla yangu. Kweli imefika. Lakini tepu inahitaji gogo liwepo. Hesabu inakwambia hata kabla gogo halijanunuliwa, na hapo ndipo pesa inapookolewa.

Mfano mwingine uko kwenye kila duka la fotokopi mjini. Siku utakayopeleka karatasi kubwa ya A3 ukataka itoke kwenye A4, chungulia ile mashine. Itaandika 71%. Ukitaka A4 iwe A3, itaandika 141%. Umeshawahi kujiuliza kwa nini isiwe 50% na 200%, maana A4 ni nusu ya A3? Sababu ni √2. Karatasi hizi zilipangwa Ujerumani mwaka 1922 kwa shabaha kwamba ukiikunja katikati, nusu iwe na umbo lilelile la nzima. Namba pekee inayokubali mchezo huo ni √2. Chukua A4, urefu wake ni milimita 297, upana 210. Gawa, unapata 1.414. Ikunje katikati. Sasa urefu ni 210 na upana ni 148.5. Gawa tena, 1.414 ileile!

Na siri yake ni hesabu yetu ya leo. Ukisema upana ni 1 na urefu ni √2, baada ya kukunja urefu mpya ni 1 na upana mpya ni √2/2. Gawa moja kwa hiyo, unapata 2/√2. Toa kipeuo chini, inakuwa 2√2/2, mbili na mbili zinakufa, inabaki √2. Umbo halikubadilika. Na hiyo 71% ya mashine ni 1/√2, ambayo ukiivalisha vizuri ni √2/2, yaani nusu ya 1.414, ndiyo 0.707. Mtoto anayefuta jibu lake la 1/√2 kwa sababu kitabu kimeandika √2/2 amefuta kitu ambacho mashine ya fotokopi inakifanya kutwa nzima bila kuona aibu.

"Haya mjomba," mpwa wangu akanibana, "lakini si siku hizi simu inapiga yote hayo?"

Swali zuri, na nilikuwa nalisubiri. Nikamwandikia 1/(√5 − 2). Nikamwambia, "Mtu kakupa √5 kwa tarakimu moja tu baada ya nukta, 2.2. Piga kwa simu." Akapiga. 2.2 toa 2 ni 0.2. Moja gawa kwa 0.2 ni 5. Akaandika 5, ameridhika kabisa.

Nikamwambia, "Sasa tuivalishe kwanza." Hapa kuna jambo la kushika. Kipeuo kikikaa chini peke yake, unazidisha kwa chenyewe. Kikikaa na mwenzake, wametenganishwa na kutoa au kujumlisha, unamtafuta pacha wao, namba zilezile lakini alama ya katikati umeigeuza. Pacha wa √5 − 2 ni √5 + 2. Ukizidisha wawili hao, √5 mara √5 ni 5, mbili mara mbili ni 4, unatoa, unabaki na 1, na yale mengine ya katikati yanakulana yenyewe. Ukikosea ukazidisha √5 − 2 kwa yenyewe, unapata 9 − 4√5, kipeuo kiko palepale, umempandisha mgeni kitandani badala ya kumtoa mlangoni. Basi chini ni 1, juu ni √5 + 2. Jibu lote ni √5 + 2. Chukua ileile 2.2 ya mwanzo, jumlisha 2, unapata 4.2.

Simu imesema 5. Nguo za Idi zimesema 4.2. Nani mkweli? Jibu lenyewe hasa ni 4.236. Simu haikudanganya, ilipiga ilichopewa. Lakini kule chini ya mstari, kosa dogo la kukata tarakimu lilivimba kama maandazi kwenye mafuta, kule juu likabaki dogo. Fundi akikosea kutoka 4.2 kwenda 5 kwenye mita za nondo au mabati, mwenye nyumba hatamuuliza simu ilikuwa ya kampuni gani.

Mpwa alikaa kimya kidogo, kisha akaandika upya lile jibu alilolifuta, la kwanza juu, la pili chini yake, na alama ya sawasawa katikati. Habari ya fizikia bado hajaamua na sijamlazimisha, hiyo ni njia yake. Nilichomkataza ni kufuta tu.

Na hapa nina neno kwa walimu wetu, ambao nawaheshimu maana najua ukubwa wa madarasa yao. Ni haki kudai jibu la mwisho liwe na nguo moja. Wote wakivaa sare, ni rahisi kuona nani kapatia na nani kakosa, na majibu ya watu arobaini yanasahihishika. Lakini mtoto aambiwe wazi, "Jibu lako ni sahihi, halijarahisishwa." Maneno hayo na neno "umekosa" hayafanani hata kidogo. La kwanza linampeleka mbele hatua moja. La pili linamrudisha nyumbani na daftari lililofungwa.

Nawe mtoto unayesoma hapa kwa kuibia, kabla ya kupiga mistari mitatu, fanya kipimo. Huhitaji simu. Chukua jibu la kitabu, lizidishe kwa ile asili yako ya chini, uone kama unakipata kiasi chako cha juu. 2√3 mara √3 ni mbili mara tatu, ni sita. Sita ndiyo uliyokuwa nayo juu. Basi majibu yenu ni mamoja, tulia, malizia kuvaa.

Ubishi wa kijiweni nao una namna hii. Watu wawili wanagombana jioni nzima, mmoja kasema hivi, mwingine kasema vile, kumbe ukiwazidisha kwa moja wanasema kitu kilekile. Lakini hayo niwaachie wa ukurasa wa siasa.

Nawaachia mawili ya kuwashughulisha mwisho wa wiki. La kwanza, 10/√5. La pili, 4/(√3 − 1), na huyo usimsahau pacha wake. Mpe mtoto, kisha kaa naye, usimwachie peke yake kama anayekwenda kuoga. Majibu nitayatoa wiki ijayo, yakiwa yamevaa vizuri, pamoja na ile habari ya mama mkwe wa Chikongola niliyowaahidi. Kwaherini kwa leo.